Madam na Ng'ombe wa Msiba

Sogea hapa karibu, msikilizaji wangu, maana sauti yangu ni ya darasani na nikiwa mbali huwa napiga kelele. Nataka kukueleza habari za mwalimu mmoja wa baiolojia hapa Kyela ambaye sisi wote, wanafunzi na walimu wenzake, wazazi na wauza samaki, tulimwita Madam tu. Nitakueleza pia jinsi alivyokalia mlo wa msiba wa baba mkwe wangu, akaniachia jina ambalo nimeshindwa kulivua, na jinsi siku hiyo alivyojiweka katika hatari ya kukataliwa na watu ambao yeye mwenyewe alisema ndio aliowategemea wamzike. Kama hukusoma baiolojia usiogope. Mimi naifundisha, na bado naiogopa.

Somo lake la kwanza hakulianzia ubaoni. Alituambia kila mmoja aweke kidole kwenye shingo ya mwenzake aliyekaa mbele, ashuke nacho taratibu mpaka kiunoni, ataje anachokutana nacho. Darasa likajaa vicheko vya watu waliotekenywa. Akangoja tukatulia.

"Hivyo vinundu mlivyovigusa ni pingili za uti wa mgongo," akasema. "Samaki anazo, chura anazo, mjusi anazo, ndege anazo, na ng'ombe wa baba yako anazo. Konokono hana. Mende hana. Mnyoo hana. Nyie mko upande wa samaki. Na wewe kijana wa dirishani, keti vizuri, usinifanye nikuhamishie kwa konokono."

Kijana wa dirishani nilikuwa mimi. Nimekuwa mrefu tangu utotoni, na warefu wengi huwa tunajikunja ili tusionekane, jambo ambalo hufanya tuonekane zaidi.

Kwa Madam hapakuwa na michoro mingi. Alitufundisha kwa vilivyoliwa. Akitaka tujue samaki, aliagiza magege wachemshwe, tukala, na aliyemeza mfupa bila kuutaja alikosa swali. Kisha kila kundi lilipewa kipande cha boksi na gundi, tumrudishe samaki kama alivyokuwa. Nakueleza kazi hii kwa sababu ukiifanya mara moja tu hutaisahau: mifupa ya kichwa ni mingi kuliko unavyodhani, mbavu ni nyembamba kama miiba, na pezi la mkia lina mpangilio wake. Kundi letu liliniamini mimi. Nikalibandika pezi la mkia mahali pa pezi la kifua, na la kifua nikalipeleka nyuma. Madam alilitazama boksi letu kwa muda mrefu.

"Huyu," akasema, "alikuwa anaogelea kwa maombi."

Leo mimi ndiye ninayefundisha somo hilo katika shule hiyohiyo, na boksi lile bado lipo kabatini. Madam alikataa litupwe. Alisema linawapa moyo wanafunzi dhaifu, wakijua kwamba aliyelitengeneza sasa analipwa mshahara.

Madam alimpenda ng'ombe kuliko wanyama wote. Alitupeleka kwenye zizi la jirani wa shule, akamshika ng'ombe mdomo na kuufungua, tukaona kwamba juu mbele hana meno, ana ufizi mgumu tu. Nilibisha. Nilisema mbele ya darasa zima kwamba ng'ombe yule ni mzee na meno yamemng'oka. Madam akaniambia niende nikawakague wote waliobaki zizini. Nilikwenda. Nilirudi na kinyesi mpaka magotini na bila hoja. Ndivyo walivyoumbwa: ng'ombe hukata majani kwa ulimi na meno ya chini, akayameza haraka, kisha akilala kivulini huyarudisha mdomoni na kuyatafuna upya. Tumbo lake lina vyumba vinne, na katika kile kikubwa wamo vijidudu wasioonekana kwa macho wanaomsaidia kuvunja majani ambayo mimi na wewe tungekufa nayo njaa. Yeye anakula tusichoweza kula, anatupa maziwa, nyama, ngozi na samadi ya kuweka migombani.

"Vyumba ni vinne," Madam alikuwa akisema, "lakini hapa kwetu kuna cha tano, na hakiko tumboni mwa ng'ombe. Kiko kichwani mwa mwenye ng'ombe. Ndimo inamokaa heshima."

Kwa chura alikuwa wakili. Wakulima wa mpunga walipolalamika kwamba vyura wanapiga kelele, aliwauliza kama wangependa zaidi kelele au wadudu. Kwa nyoka alikuwa jaji. "Panya anakula mpunga wako, nyoka anakula panya, wewe unamuua nyoka, halafu unakuja kunililia mpunga." Hakusema tuwashike nyoka. Alisema tuwapishe, na tufyeke majani karibu na nyumba ili wasipate sababu ya kuja kutusalimia.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Mwanamke huyu aliyemfungua ng'ombe mdomo kwa mikono mitupu alimwogopa mjusi wa ukutani. Mjusi akitokea juu ya ubao, Madam alihamia mlangoni na kumalizia somo akiwa huko, akieleza kwa sauti thabiti kwamba mjusi hana madhara na anakula mbu. "Namheshimu," alisema. "Heshima inataka nafasi."

Kambale hakumla. Alisema samaki anayeweza kuvuta hewa kama yeye ni karibu jirani. Siku moja mwenzetu mmoja akanyoosha mkono.

"Madam, na kuku je? Naye si anavuta hewa?"

"Kaa chini."

"Nimekaa, Madam."

"Basi endelea kukaa."

Nyumbani kwake, Bondeni, palipakana na duka la mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka pwani, mtu wa kofia na kanzu safi, mpole, mwenye duka lililojaa magunia na hivyo panya. Yeye ndiye pia aliyekuwa akiitwa kuchinja kwenye shughuli, kwa sababu hapa kwetu Wakristo wengi humwita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Madam alimwita Shehe, ingawa mwenyewe alisema kila siku kwamba yeye si shehe. Madam alimwazima paka.

"Mwalimu, paka wako leo kalala juu ya unga wangu tangu asubuhi."

"Amechoka, Shehe. Alifanya kazi usiku."

"Panya nimewaona wanapita pembeni yake."

"Hao ni wa kwako wa mchana. Hamkukubaliana naye juu ya hao."

Tabia yake iliyowakera watu kuliko zote ilikuwa ya misibani. Hakukosa msiba. Lakini badala ya kukaa na akina mama mkekani, baada ya kulia kidogo alisogea kwa wachinjaji. Alikuwa akisimama pale na kanga yake ya msiba, akiwaonyesha vijana hiki ni kipi, akiomba ini lipasuliwe alitazame. Ng'ombe wanaolishwa penye majimaji kama kwetu wanapata minyoo bapa ya ini, na ini lenye minyoo si la kuliwa. Watu walinung'unika. Walisema Madam amegeuza msiba kuwa mtihani. Lakini niliona pia kwamba ini lililopita mikononi mwake ndilo lililokimbiliwa.

Hakuwa na ndugu wa karibu hapa. Alikuwa akisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayekueleza kwamba hana mwavuli.

Sasa nije kwenye msiba wenyewe. Ni wa mwaka huu. Baba mkwe wangu alifariki kwake Ikolo, na mkwe, kama unavyojua, hafiki na mikono mitupu. Nilinunua ng'ombe kule Talatala. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa baiolojia, nilikataa kumlipa mtu wa kumswaga. Nilisema nitampeleka mwenyewe, namfahamu ng'ombe. Ng'ombe hakujua kwamba namfahamu. Njia nzima alinivuta, na waliotuona wakaniuliza kwa upole ni nani anampeleka mwenzake msibani. Nilifika nikiwa na kiatu kimoja kizima. Lakini nilifika, ng'ombe akafungwa kwenye migomba, na baba mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye aliyesimamia msiba, akaja akamzunguka na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Sijawahi kupata maksi nzuri kama zile.

Asubuhi ya maziko, wakati masufuria yameshainjikwa na Shehe akingojewa afike na kisu chake, ng'ombe wangu akaanguka. Hakulia. Alianguka tu, akarusha miguu, akatulia. Tumbo likaanza kuvimba, na puani pakatoka damu kidogo, nyeusinyeusi.

Shehe alifika kwa bajaji muda mfupi baadaye, Madam akiwa pembeni yake. Baba mdogo akamwahi.

"Shehe, fanya haraka. Bado wa moto."

Shehe akatazama. "Wa moto ni kweli. Lakini mwenyewe ameshaondoka. Mimi nachinja aliye hai, ndugu yangu. Huyu nimchinje nini?"

"Sawa. Wenye masharti yao watakula ndizi. Sisi wengine tutakula nyama." Akawageukia vijana. "Leteni kisu. Mkateni shingo damu itoke, mengine tutajua."

Hapana aliyenitazama mimi, na ningefurahi kama wangenitazama, hata kwa ubaya. Fikiria wageni waliokuwa wamejaa pale. Fikiria mkwe ambaye ng'ombe wake amekufa kabla ya kuchinjwa. Nilikuwa tayari kuomba kisu nikate mwenyewe.

Madam alikuja mpaka karibu, lakini si karibu sana. Alitazama tumbo, akatazama pua.

"Wako?"

"Wangu, Madam."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Madam. Njiani mgonjwa nilikuwa mimi."

"Akaanguka tu."

"Akaanguka tu."

Akachukua kiti cha plastiki kwa mwombolezaji mmoja aliyekuwa akiinuka, akakiweka kati ya ng'ombe na kijana mwenye kisu, akakaa. Akapanga kanga yake magotini kama mtu anayesubiri basi.

"Madam," akasema baba mdogo, "tunaomba utupishe."

"Sitapisha. Mnyama aliyekufa ghafla na kutoka damu puani hapasuliwi. Kuna ugonjwa unaitwa kimeta. Unaua ng'ombe hivi hivi, na unaua watu. Ukimkata, vidudu vyake vinapata hewa, vinajijengea ganda, vinakaa kwenye udongo huu miaka na miaka. Wajukuu zenu watakuja kulisha ng'ombe hapa. Anayemchuna anaupata mikononi, anayekula anaupata tumboni."

"Una hakika ni kimeta?"

"Sina."

"Basi kama hujui, ondoka."

"Kwa sababu sijui ndiyo maana nimekaa. Mpigieni simu afisa mifugo. Yeye ana vya kupimia. Mimi nina kiti."

Vijana wakacheka, kisha wakaona baba mdogo hacheki. Akainama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Mama, hapa si darasani. Unatuaibisha mbele ya maiti. Watu wa hapa wana kumbukumbu. Na wewe siku yako itafika."

 Madam akanivuta shati nikainama.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Ni kweli. Hawa ndio watakaonizika, sina wengine. Simama nyuma ya kiti changu. Usiseme neno, unaweza kuharibu. Simama tu."

Nikasimama. Naomba usinipe sifa. Miguu ilikuwa inatetemeka mpaka kiti kikatetemeka, na Madam akaninong'oneza kwamba kama siwezi kutulia nikishike kiti kwa mikono yote miwili kisianguke. Shehe naye akaja akasimama upande wa pili, na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Tulikuwa jeshi la ajabu: bibi mmoja aliyekaa, mzee mmoja asiyetaka kuchinja, na mkwe anayetikisa fanicha.

Ugomvi ukaendelea mpaka akina mama wakasikia. Mama mkwe akatoka ndani. Mbele ya mama mkwe mimi huwa sijui mikono yangu niiweke wapi, na siku hiyo angalau ilikuwa na kazi. Akamtazama ng'ombe, akamtazama Madam.

"Unasema watu wanaweza kufa?"

"Wanaweza, mama. Siwezi kukuapia kwamba watakufa. Nakwambia wanaweza."

Mama mkwe akageuka akatazama kwenye masufuria. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Marehemu hakuwa mlafi. Tumeni mtu mwaloni kwa wavuvi alete usipa."

"Usipa, shemeji? Kwa wageni hawa wote?"

"Usipa. Na magege wakipatikana. Wageni wamekuja kumzika, hawakuja kumtafuna."

Ndivyo tulivyomzika baba mkwe wangu kwa wali, ndizi na usipa, dagaa wetu wa ziwani. Afisa mifugo alifika alasiri, akachukua damu kidogo sikioni kwa ng'ombe, akatuelekeza tuchimbe shimo refu, tuchome, tufukie na chokaa. Mimi nilichimba kwa bidii kuliko wote, lakini haikusaidia. Kabla jua halijazama nilikuwa tayari naitwa Mkwe wa Usipa. Wanafunzi wangu walilijua jina hilo kabla sijarudi shuleni.

Jina langu lilikuwa la kucheka. Madam hali yake haikuwa ya kucheka. Wiki zilizofuata alikwenda kwenye msiba mwingine jirani na pale, na watu wakamsalimia kama mtu anayepita njia. Hapana aliyemsogezea kiti. Alipokwenda kwa wachinjaji walimgeuzia migongo. Shehe ndiye aliyenieleza, na akaongeza kwamba siku hizi Madam anakuja dukani anakaa muda mrefu bila kumtania juu ya panya, na yeye hajazoea.

Kisha afisa mifugo akanipigia. Majibu yametoka. Hayakuwa kimeta. Kilichomuua ng'ombe hakikujulikana. Simu haijapoa, baba mdogo naye akapiga. "Kwa hiyo, Mkwe wa Usipa, tulizika nyama nzuri." Nikaenda Bondeni mbio, nimwambie Madam mwenyewe kabla hajaambiwa kwa dhihaka.

Nilimkuta barazani, na hakuwa peke yake. Mama mkwe alikuwa amekaa naye mkekani, ungo wa mchele kati yao, wanachagua mawe. Nikataka kurudi. Madam akaniambia niseme nilichokuja kusema, uso wangu umeshasema nusu.

Nikasema. Mikono ya Madam ikasimama juu ya mchele.

"Vizuri," akasema.

"Madam, watasema ulikosea."

"Nilisema sijui. Na kweli sikujua. Ningekosea kama ningesema najua." Akausogeza ungo karibu. "Watasema, ndiyo."

Mama mkwe alikuwa hajainua macho. "Kwa hiyo nyama ilikuwa salama?"

"Hilo sijui pia, mama," akajibu Madam. "Kuna kitu kilimuua. Kilichojulikana ni kwamba si kimeta."

Mama mkwe akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Siku ile, uliposema watu wanaweza kufa, nilitazama kwenye masufuria. Wajukuu zangu wote walikuwa wamekaa pale na sahani, wanangoja. Shemeji yangu bado analilia nyama. Mimi kila nikiwaona hao watoto sijutii nyama ile." Akageuka kwa Madam. "Jumamosi kuna shughuli kwa dada yangu. Atachinjwa ng'ombe. Nimewaambia hakatwi kabla hujamwona. Utakuja na mimi, utakaa na mimi. Atakayesema, aniambie mimi."

Madam hakujibu kwa Kiswahili. Alisema, "Ndaga," ambayo ni asante ya kwetu, akaisema polepole, kisha akaanza kuchagua mawe kwa haraka isiyokuwa ya lazima. Baadaye akanikumbuka.

"Mwalimu mwenzangu, jambo hili la mnyama anayekufa ghafla umewafundisha wanafunzi wako?"

"Halimo kwenye muhtasari wa somo, Madam."

"Wafundishe hivyohivyo. Na usiishie kwao."

Basi na wewe nakufundisha. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akikufia ghafla, usimchinje, usimchune, usimgawe. Wazuie watoto na mbwa wasimsogelee, mpigie simu afisa mifugo wa kata yako, na umngoje mpaka afike, hata kama wageni wana njaa.